Pango la kwanza la maji ya baridi: Ressel, Plura, Ojamo au Boesmansgat?

Mzamiaji_Nungwi
Assalaam alaykum jamaa. Cheti changu kamili cha kuzamia mapangoni nilikipata Meksiko, kwenye senote (mashimo ya asili ya chokaa yaliyojaa maji), maji ya nyuzi 25. Masika haya wageni hakuna na nimeweka akiba ya safari moja. Nataka pango la maji matamu yenye baridi ya kweli. Nimebakiwa na manne: Emergence du Ressel (Ufaransa), Plura (Norwei), mgodi wa Ojamo (Ufini) na Boesmansgat (Afrika Kusini). Uzuri wake nimeshauona kwenye video. Ninachouliza ni hili: mtu aliyezoea maji ya joto ya Mnemba, Zanzibar, aanzie wapi? Suti kavu (isiyoingiza maji) nimeivaa kwenye kozi tu.

Kusi_Kendwa
Boesmansgat, kaka. Pasipoti yetu ya Tanzania haihitaji viza kwa ziara fupi Afrika Kusini, na nauli ni nafuu kuliko kwenda Ulaya. Maji yake ni karibu nyuzi 20, unaanza pole pole.

Ami_Mkoani
Kusi, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Boesmansgat ukishapita mlango wake mwembamba unaning'inia kwenye ukumbi mkubwa ambao chini yake inapita mita 270. Mzamiaji Nuno Gomes alifika mita 282 mwaka 1996. Mzamiaji Deon Dreyer alifia humo 1994, na Januari 2005 mwenzake wa fani Dave Shaw akafa akijaribu kuutoa mwili wake. Pia pako juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mahesabu ya kupanda uliyoyazoea huku pwani hayafai bila kurekebishwa. Na baada ya yote hayo nyuzi 20 hazikufundishi baridi. Anayekwenda pale anafuata kina, na kijana hakuuliza kina.

Sasa Nungwi, mwanangu, kabla ya kuchagua pango angalia regyuleta yako, kile kifaa cha kupumulia. Hewa ikitoka kwenye mtungi wenye presha kubwa inatanuka na kupoa ghafla. Mnemba bahari inairudishia joto papo hapo. Kwenye maji matamu ya nyuzi 4 au 5 hakuna joto la kurudisha: barafu inajijenga kwenye hatua ya kwanza (sehemu ya regyuleta inayofungwa kwenye mtungi), vali inakwama wazi, na mtungi unamwaga hewa yote mbele ya macho yako. Kwenye maji ya wazi unapanda tu. Pangoni una njia ya kurudi ya mita mia kadhaa na dari juu ya kichwa. Tazama maandishi kwenye regyuleta: ukikuta alama ya >10°C, basi haikupimwa kwa maji ya chini ya nyuzi 10, iache nyumbani. Unataka mbili zilizofungwa zisiingize maji ndani, kila moja kwenye mtungi wake, na uwe na uwezo wa kufunga vali yoyote kwa mkono uliokufa ganzi. Hilo la mkono ndilo gumu kuliko yote.

Binti_Makunduchi
Shikamoo Ami. Naongeza la majira, maana naona limesahauliwa. Mwishoni mwa masika yetu ndipo theluji inapoyeyuka Norwei. Mito inajaa, maji yanaingia mapangoni na tope lake, na ule uwazi unaouona kwenye video za Plura unapotea. Plura ni ya wakati mwingine wa mwaka.

Na Plura iheshimuni. Sehemu ya mwanzo ina kina cha mita 30 na kitu na inakutoa kwenye chumba chenye hewa, wengi wanaishia hapo. Lakini njia inayoendelea mpaka pango jirani la Steinugleflåget inashuka kupita mita 100. Februari 2014 Wafini wawili walifia huko, na mwezi uliofuata rafiki zao wakarudi wenyewe kuwatoa. Walikuwa wazamiaji hodari.

Mimi nasema Ressel. Maji ni nyuzi 13 au 14, njia ni pana, mdomo uko ndani ya mto Célé na kamba ya mwongozo imeshatandazwa. Baridi utaihisi vizuri tu, lakini vidole bado vitakuwa vinakusikiliza. Mvua kubwa ikinyesha unasubiri, maji yanachafuka.

Kaskazi_Paje
Kwa nini asijizoeze kwanza kwenye mapango yetu? Kusini mwa Unguja yapo tele.

Binti_Makunduchi
Kaka Paje, maji yale ni ya uvuguvugu, hayatamfundisha lolote alilouliza. Na mapango yale yana wenyewe. Mengine watu wanachota maji ya kunywa, mengine wanapeleka ubani na kuomba dua. Huwezi kuingia na mitungi ukatibua tope kwenye maji ya watu. Naomba sana jambo hili tusilifanye.

Kaskazi_Paje
Nimekuelewa dada, ahsante.

Fundi_Fumba
Ojamo msiitupe. Ni mgodi wa chokaa uliojaa maji, karibu na Helsinki, na chini ni nyuzi 4 mwaka mzima kwa sababu maji matamu huwa mazito zaidi kwenye joto hilo na hutulia chini. Ubaya wake ni kwamba unashuka kupita mita 200, na ngazi za chini zinavuta watu.

Kuhusu vesti za umeme za kupasha mwili joto: msizitegemee. Utafiti wa jeshi la majini la Marekani umeonyesha kwamba ukiwa na joto chini kisha ukapata baridi wakati wa kupanda, hatari ya ugonjwa wa wazamiaji (viputo vya gesi mwilini) inaongezeka. Betri ikifa kwenye kituo cha mwisho cha kusubiri wakati wa kupanda ndiyo hali hiyo hasa. Vaa nguo za ndani za kutosha kumaliza mzamo bila umeme. Na kama unapumua mchanganyiko wenye gesi ya heliamu, usiitie kwenye suti, inapitisha joto karibu mara sita ya hewa. Beba kichupa kidogo cha gesi ya agoni au hewa ya kawaida cha kujazia suti.

Mzamiaji_Nungwi
Nimeamua: Ressel mwishoni mwa masika pamoja na mwalimu wa kule, kisha Ojamo. Viza ya Schengen ni moja kwa zote mbili, na Plura nikiwa tayari. Ami, hayo ya mkono wenye ganzi nijizoeze vipi huku kwetu?

Ami_Mkoani
Glavu kavu nene, anza wiki hii. Bwawani au pwani kwenye maji ya kifuani: funga na ufungue vali zote mbili, badilisha regyuleta, toa tochi ya akiba na uiwashe, funga fundo kwenye kamba. Kisha yote hayo ukiwa umefumba macho. Ukishayaweza, tia mikono kwenye ndoo ya barafu ya wavuvi mpaka ianze kuuma, uirudie kazi ile ile mara moja. Likikushinda moja, tarehe ya safari isogeze. Na kumbuka sheria ya theluthi (theluthi ya hewa ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba) iliwekwa kwa maji ya joto kidogo kama ya Florida. Kwenye baridi unapumua zaidi, kwa hiyo geuka mapema kabla theluthi haijaisha.