Naomba ushauri: ibada ya alfajiri inatushinda

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kikundi chetu cha maombi hapa Kimara, Dar es Salaam, kina watu 9, wengi hutoka saa 11 alfajiri kuwahi mabasi ya mwendokasi. Tulikubaliana kila mtu amwabudu Mungu dakika 20 kabla ya kutoka: wimbo, Zaburi moja, kisha kumkabidhi kazi ya siku hiyo, maana Warumi 12:1 inahesabu hata miili yetu kuwa ibada. Wiki ya tatu wengi wakaacha. Usingizi upo, ila naona kubwa ni kwamba maombi yaligeuka orodha ya mahitaji, sifa zikakosa nafasi. Kukumbushana WhatsApp kukawa kama kuitana mahudhurio.

Je, tuhamie jioni, au tubaki alfajiri kwa dakika 7 za sifa na shukrani tu? Na anayeona kazi yake ya ukarani haina maana mbele za Mungu, tumwanzishie andiko gani? Wakolosai 3:23, la kufanya kazi kwa moyo kama kwa Bwana, tumeshasoma naye.