Tupeane uzoefu: nani mwingine aliteswa na 4294967297?

Binti Kuze: Leo mwanangu kaja na hesabu za nambari tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, nikaikumbuka hii. Mbili kipeo cha 32, ongeza moja. Mwalimu aliiandika ubaoni, akasema Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa, aliamini ni tasa, akatoka zake. Wenzangu mliachiwa mzigo huu?

Mzee wa Bao: Mimi hapa. Na vile kalkuleta zetu zaishia tarakimu nane!

Kaka wa Likoni: Dada, umenitonesha. Fermat alianza na 3, 5, 17, 257, 65537, yaani mbili kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja ongeza moja, zote tasa. Mbona ya sita ivunjike? Nikagawanya kwa mkono, tasa moja baada ya nyingine. Tatu haiingii, tarakimu zajumlika 59. Saba haiingii. Kumi na moja wapi! Baba akazima taa, nikahamia kibarazani kwa taa ya jirani. Asubuhi niko kwenye feri, nimefika 599, nikazitoa karatasi nihakiki. Ule upepo wa kaskazi! Zikaruka juu ya vichwa vya watu, moja ikanasa kwenye mkokoteni wa madafu, zilizobaki zote baharini. Nililia mbele za watu. Na kigawanyo chenyewe ni 641! Baada ya 599, ni tasa ya saba tu.

Somo Kibokoni: Ya Rabi! Ile ya mkokoteni uliipata?

Kaka wa Likoni: Mwenyewe aliniokotea. Ilikuwa ya mwanzo, 7 mpaka 31.

Maalim Majengo: Pole sana, lakini kugawanya kwa kila tasa ni kuchimba kisiwa kizima kutafuta pete. Mwanahisabati Euler alikipata 641 mwaka 1732, na baadaye akathibitisha kwamba kigawanyo chochote cha nambari hii, ukikigawanya kwa 64, hubakisha 1. Tasa za kwanza za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano umeshafika! Mwenzake ni 6700417, naye tasa.

Kaka wa Likoni: Mtoto wa kidato cha pili angeyajulia wapi hayo?

Maalim Majengo: Angefunzwa. 641 ni 5×128+1, tena ni 625+16. Ukigawanya kwa 641 na kutazama baki tu, basi, 5×2⁷ ni sawa na −1, maana imepungua moja kufika 641. Ipandishe kipeo cha nne: 5⁴×2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka mahali pake: −2³² ni sawa na 1. Kwisha, 2³²+1 yagawanyika.

Mzee wa Bao: Masha Allah. Lakini mtoto agawanye kwanza, mkono uzoee.

Somo Kibokoni: Hapana, aanze na 64. Mwacheni alale.

Binti Kuze: Na ya saba, yenye kipeo cha 64?

Maalim Majengo: Mwanahisabati Landry aliivunja 1880. Vigawanyo vyake hubakisha 1 kwa 128.

Kaka wa Likoni: Usivitaje hapa Maalim, niache nitafute.