Naombeni ushauri: manyoya ya kufungia flai napataje bila kuvunja sheria?

mshipi_mrefu
Wakuu habari zenu. Huu ni karibu mwaka tangu nianze kufunga flai mwenyewe, vile vyambo vya manyoya unavyofunga kwa uzi kwenye ndoana ndogo mpaka samaki adhani ni mdudu, na kusema kweli imenikolea. Shida yangu ni manyoya. Pakiti za dukani zinaisha haraka, kwahiyo nikitembea ukingoni mwa maji naokota yaliyodondoka, nimeshajaza boksi zima, mengi ni ya bata ila mengine hata siyajui ni ya ndege gani, kuna mmoja wa bluu kali nadhani ni wa mdiria. Juzi tena mjane wa mzee mmoja aliyekuwa anafunga flai enzi hizo akanipa mfuko wa vitu vya marehemu, kufungua nakuta ngozi nzima za ndege zimekaushwa, hazina lebo wala karatasi yoyote. Nimeufunga kama ulivyokuwa.
Sasa jamaa mmoja ananiambia ulichookota chini hakina kesi maana hujaua ndege, mwingine anasema naweza kushtakiwa. Nani yuko sahihi? Na nyie mnapata wapi ya kwenu? Naombeni mnisaidie kabla sijaharibu.

jiliwa_na_uzi
Mkuu huyo wa kwanza kakupotosha, japo najua hakuwa na nia mbaya. Nchi nyingi sheria haikuulizi ndege alikufaje, inakuuliza ni ndege gani na wewe umempata kwa njia ipi. Angalia Marekani, wana sheria yao ya ndege wahamao ya mwaka 1918, inalinda zaidi ya spishi 1,000, na ukikutwa tu na unyoya wa ndege hao ni kosa hata kama uliukuta umelala kwenye majani. Watu wanaona ni ukali uliopitiliza lakini fikiria mwenyewe, unyoya ukiwa mkononi hauwezi kusema kama ulidondoka au ndege alipigwa risasi, mkaguzi atajuaje? Na kipindi kile ndege walikuwa wanamalizwa kwa sababu ya mapambo ya kofia.
Ila hata wao wameacha mlango. Bata na bata bukini waliowindwa kihalali, manyoya yao yanaruhusiwa kufungia flai na kujazia mito ya kulalia, mpaka kuuza yanauzwa, ila kupambia kofia hapana. Halafu wale ndege walioletwa na watu, shomoro wa nyumbani, kwezi wa Ulaya na njiwa wa mjini, hawamo kwenye ulinzi huo kabisa. Hiyo ni kwao, usiibebe ukaifanya yako. Wewe tafuta sheria ya wanyamapori ya nchi unayoishi, soma orodha ya ndege wanaolindwa, usipoelewa waulize maofisa wenyewe kwa maandishi ili ubaki na jibu lao. Na huo wa mdiria usiendelee kukaa nao kabla hujapata jibu.

bibi_majogoo
Mdogo wangu mimi ni mfugaji na nafunga flai pia, ngoja nikwambie upande wa ndege wa kufugwa maana naona watu wanahangaika na ndege wa porini wakati kuku wanapita mlangoni. Jogoo ndiye kila kitu. Yale manyoya membamba marefu ya shingoni, na yale yanayoning'inia mgongoni karibu na mkia, ndiyo yanaifanya flai ikae juu ya maji. Lakini jogoo awe amekomaa, angalau ametimiza mwaka hivi. Kuku wa nyama wa wiki chache usijisumbue nao, manyoya yao ni mafupi na yamejaa utando laini, yananyonya maji flai inazama.
Kupima ni hivi, chukua unyoya mmoja ukunje taratibu kuzunguka shina la ndoana, zile nyuzi zake zitasimama kama miiba. Zikifika mara moja na nusu ya upana wa mdomo wa ndoana, basi unyoya huo ni wa ndoana hiyo. Ukiutazama kwenye mwanga utaona katikati kuelekea kwenye kitako kuna sehemu nzito isiyopitisha mwanga, huo ndio utando, ukiwa mdogo ndo vizuri. Mtetea yeye ana utando mwingi na nyuzi laini, usimtupe, anafaa sana kwa flai za kuzama maana ndani ya maji nyuzi zinacheza kama miguu ya mdudu.
Bata wa kufugwa akichinjwa angalia juu ya mkia pale kwenye tezi ya mafuta, kuna vinyoya vidogo vya sufi vimeizunguka. Hivyo ni dhahabu, vinashika hewa na vinaelea. Usivioshe kwa sabuni kali, utaondoa mafuta yake. Bata mzinga anakupa yale manyoya mepesi yanayoitwa marabu, zamani yalikuwa yanatoka kwa yule korongo mkubwa mwenye mfuko shingoni ndo maana jina likabaki, ila siku hizi ya dukani ni ya bata mzinga. Kanga anakupa madoadoa. Tausi wa kufugwa anapukutisha mkia kila mwaka baada ya msimu wa kutaga, huna haja ya kumgusa, unasubiri tu unaokota. Ongea na wafugaji na wachinjaji, wengi manyoya wanayatupa.

kina_kirefu
Mimi niongezee ya mipakani maana yalinikuta. Niliagiza nje shingo ya kuku mwitu wa kijivu wa India, yule mwenye manyoya yenye doa linalong'aa kama tone la nta, wafungaji wanamgombania. Ndege huyu yuko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ule wa biashara ya viumbe walio hatarini ulioanza kutumika 1975, maana yake biashara ipo lakini kwa vibali. Muuzaji aliniambia usijali, hakuweka karatasi hata moja. Mzigo ukazuiliwa, hela ikapotea, na nikaandika maelezo kurasa mbili nikijieleza kama mhalifu. Iliniuma sana kwa sababu wapo wanaomfuga kihalali Ulaya na wanatoa karatasi zake, ningeuliza swali moja tu kabla ya kulipa. Siku hizi muuzaji akishindwa kuniambia ndege ni spishi gani, alifugwa au aliwindwa, na kibali kiko wapi, namuaga.
Hata doa lile unaweza kuliiga, unachukua unyoya wa kanga wenye doa jeupe unadondoshea vanishi, samaki hana shida nao.
Kuhusu mfuko wa marehemu nakuomba usiuze hata ngozi moja. Mwaka 2009 kule Tring Uingereza kijana mpiga filimbi aliyekuwa anafunga flai za samoni aliingia makumbusho usiku akaiba ngozi 299 za ndege, nyingine zikauzwa kwa wafungaji wenzetu. Nyingine zilizorudi zilikuwa zimeshakatwa lebo, na ngozi isiyo na lebo ya wapi na lini ilikusanywa inapoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa mtafiti. Naumia kila nikikumbuka kwamba wanunuzi walikuwa watu kama sisi.

mama_wa_trauti
Usafi jamani msisahau. Manyoya mapya yote yaoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini (isipokuwa yale ya tezi aliyosema bibi), anika kivulini, kisha weka kwenye mfuko usiopitisha hewa, friza siku kadhaa, toa yayeyuke, rudisha tena. Mara ya pili ndo inamalizia mayai ya nondo na wale wadudu wa ngozi yaliyopona mara ya kwanza. Mimi nondo walinilia boksi la miaka minne. Na ndege aliyekufa porini usimshike, kuna homa ya ndege.

mshipi_mrefu
Wakuu asanteni sana, bibi na wengine wote. Nimepiga picha kila kitu kilichomo kwenye mfuko bila kukitoa, nimewaandikia watu wa wanyamapori nikaeleza ulivyonifikia na jina la marehemu, wamenijibu niupeleke pamoja na boksi la kuokota waangalie wenyewe. Nimemwambia na mjane, alishtuka kidogo ila akasema afadhali, hakutaka vikae ndani.
Halafu jirani kachinja jogoo mwekundu wa miaka miwili, kanipa shingo yote. Nimepima kama bibi alivyosema, kwenye ndoana namba 12 nyuzi zinazidi, kwenye namba 10 (namba ikishuka ndoana inakuwa kubwa) zimekaa sawasawa. Sasa hivi iko friza, Jumamosi naitoa mara ya kwanza.