Mkanda mweusi akutane na mpiganaji wa MMA, nani atalala chini?

Haya wadau, huu mjadala umevuruga baraza letu hapa Mkunguni, Lamu, wiki nzima, kahawa inakwisha watu bado wanarushiana maneno, sasa nauleta hapa tuwasikie na wengine. Swali ni hili: bwana aliyesoma karate, kung fu au taekwondo miaka na miaka, akiwekwa ulingoni na kijana wa MMA, ule mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kubanana chini, nani anatoka kwa miguu yake? Wazee wanasema MMA ni fujo tu, watu wazima kukumbatiana chini, na ati mwalimu wa kweli akitaka anammaliza mtu kwa pigo moja, ila hataki. Vijana nao wanasema karate ni densi ya nguo nyeupe. Mi nimekaa karate mpaka mkanda wa kahawia na huko kwingine nimepitapita pia, na naona kambi zote mbili zinapigia kelele pembeni ya swali.

Manake mtindo si kitu sana. Kitu ni yule mwenzako wa mazoezi, anakufanyia nini? Hebu tazameni somo la kujihami kwenye klabu nyingi. Mwenzako anarusha ngumi moja, anauacha mkono hapo hapo hewani umenyooka, wewe unaushika, unapinda kiwiko, unamlaza, mnainamiana, makofi. Siku moja nilimwomba jamaa yangu mmoja mvuvi, karate haijui hata kwa jina la pigo moja, arushe hiyo ngumi vile angeirusha akiwa na hasira za kweli. Mkono ulirudi kwake kabla sijaugusa na wa pili ulikuwa ushatua shavuni. Yule hakuwa bingwa wa kitu chochote yakhe, ni mtu tu ambaye hakuambiwa asubiri.

Wenzetu walishalijaribu hili hadharani zamani. Tarehe 12 Novemba 1993, mji wa Denver kule Marekani, mashindano ya UFC, haya yaliyokuja kuwa makubwa ya MMA, ya kwanza kabisa, uzani haukuangaliwa, majaji hakuna, kila mmoja kaja na mtindo wake. Kulikuwa na mtu wa sumo, mieleka ya Kijapani ya watu wanene, alianguka tu akapigwa teke la uso na Gerard Gordeau wa savate, mateke na ngumi za Kifaransa, jino likaruka. Kulikuwa na mwanamasumbwi Art Jimmerson aliyeingia na glavu mkono mmoja, mpaka leo watu wanamcheka. Aliyeshinda yote ni Royce Gracie, kijana mwembamba wa kama kilo 80 aliyevaa gwanda la judo, usiku mmoja aliwaweka watatu, na wa mwisho alikuwa huyo huyo Gordeau, alipigwa ngeta akagonga mkono kuomba basi.

Hapo wazee wangu hurukia hoja yao ya siku zote, ati sheria za MMA zimewafunga mikono, silaha zao ni macho, koo na sehemu za siri na zote zimekatazwa. Sawa, leo zimekatazwa. Lakini mwanzoni kilichokatazwa ni kung'ata na kutoboa macho, mengine ruhusa. Disemba 1994 kwenye UFC ya nne Keith Hackney alimtandika Joe Son makonde ya huko chini moja baada ya jingine, refa yuko pale anatazama kwa sababu ilikuwa halali, na ukitazama ile video mwanamume yeyote anakunja miguu mwenyewe. Na bado pambano halikuishia hapo! Liliisha kwa kubanwa koo. Alafu nijibuni hili, kama ngumi yako haiwezi kumfikia mtu usoni, uso mzima, hilo jicho utalipataje?

Lakini vijana msishangilie bado, huyo Hackney alikuwa mtu wa kenpo, ndugu wa karate, wa jadi kabisa. Na kwenye UFC ya tatu alimwangusha kwa kiganja Emmanuel Yarbrough wa sumo, mtu wa kilo zaidi ya 270, dakika mbili hazikutimia kaisha.

Ile ya China mnaijua nyote. Mwaka 2017 mjini Chengdu, Xu Xiaodong, kocha wa MMA, na tena si bingwa wa kutisha, kakutana na Wei Lei aliyejiita bwana wa tai chi. Haikufika nusu dakika, jamaa yuko chini anapokea makonde. Baada ya hapo Xu akaandamwa kweli kweli, kurasa zake za mtandaoni zikafungwa, ati kaitia aibu jadi. Kwa maoni yangu jadi ilitiwa aibu na wale walimu waliokubali kuitwa mabwana bila kupigwa hata kofi moja na mtu asiyewalipa ada, wanafunzi wao wanaanguka kwa heshima tu, na mtu ukiangukiwa hivo miaka mingi mwisho unaamini ni nguvu zako.

Sasa hapa ndo pana utamu. Kano Jigoro alipoanzisha judo 1882 alichukua jujutsu ya zamani akapunguza zile mbinu za hatari ili wanafunzi waweze kushikana kwa nguvu zao zote kila siku bila kuvunjana. Aliondoa sumu, na watu wake wakawa wakali zaidi! Kwa sababu kila siku wanakutana na mtu anayekataa kuanguka. Mwanafunzi wa Kodokan, shule ya Kano, Mitsuyo Maeda, akafika Brazil 1914, akamfundisha Carlos Gracie, na ndo ukoo uliomtoa Royce wa 1993. Kwa hivyo wale mnaosema jadi ilikufa Denver, tazameni vizuri nani alikuwa amevaa gwanda, jadi ilipigwa na jadi.

Karate nayo ina wenyewe. Lyoto Machida alilelewa na Shotokan ya babake, Mei 2009 alimlaza Rashad Evans akachukua mkanda wa UFC, na 2011 alimpiga Randy Couture teke la mbele la kuruka, lile ambalo kila mtoto wa dojo analijua, jamaa kazima taa. Ila Machida huyo ana mkanda mweusi wa jiu-jitsu ya kina Gracie pia, hakuja na kata peke yake, ile miondoko ya kupigana na hewa. Na Afrika tusijisahau, Oumar Kane wa Senegali, wanamwita Reug Reug, katoka kwenye mieleka yao ya mchangani, laamb, na Novemba 2024 akamshinda Anatoly Malykhin akawa bingwa wa uzito wa juu wa ONE, mashindano makubwa ya MMA ya Asia. Laamb ina hirizi, ina ngoma, ina mambo yote ya wahenga, lakini mle mchangani mtu anakusukuma kweli.

Na sisi? Sisi tuna kirumbizi, mchezo wetu wa bakora. Msicheke. Wakati wa Maulidi tazameni watu wawili wakiingia katikati na bakora zao, zumari inalia, ngoma nyuma, wanazungukana, mmoja anainua, mwenzake anakinga, kofi la mti kwa mti mpaka unalihisi mezani ulipo. Anayechelewa kukinga anaipata, nimemwona mzee mmoja wa Langoni vidole viwili vimevimba hawezi hata kushika kikombe na bado anadai zamu yake. Huyo mzee anajua umbali, anajua wakati, anasoma bega la mtu kabla mkono haujatoka. Kata mia hazikupi hiyo. Lakini mchezo una adabu zake, sijapata kuona mtu akatupa bakora akarukia miguu ya mwenzake. Kwa hivyo mnyang'anye bakora umtie ulingoni na kijana wa MMA, ataangushwa mara moja. Wape wote wawili bakora, pesa yangu naweka kwa mzee.

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu, najibu matatu nikalale.

Kuna ndugu anauliza mbona tunaidharau ngumi, bondia si anamlaza mtu wa MMA? Inategemea uko nyumbani kwa nani. James Toney, bingwa wa ngumi, aliingia UFC 2010 akaangushwa na Couture na kubanwa raundi ya kwanza tu. Francis Ngannou wa Kameruni, aliyekuwa bingwa wa UFC, naye alikwenda upande wa pili Oktoba 2023, akamwangusha bondia Tyson Fury raundi ya tatu, lakini pointi zikaenda kwa Fury, na Machi 2024 bondia Anthony Joshua akamlaza raundi ya pili. Kila mtu na ulingo wake.

Mwingine kasema barabarani hakuna refa, wako watatu, mmoja ana panga, ukimlaza mmoja chini wenzake wanakupiga mateke ya kichwa. Kweli kabisa, hapo sibishi, kulala na mtu kwenye kichochoro ni ujinga. Lakini hapo kata pia haikusaidii. Tofauti ndogo ni kwamba aliyezoea kupigwa hagandi, na asiyeganda anakumbuka kukimbia. Panga ikitoka, mbio ndo mtindo.

Wa tatu ni mwalimu wa taekwondo wa Malindi, kakasirika kidogo, anasema namharibia riziki, wazazi wanamletea watoto kwa ajili ya nidhamu na mwili, si kwa ajili ya ulingo wa chuma. Sensei shikamoo, na nakuheshimu. Nidhamu mnaipa, nimeiona, mtoto aliyekuwa mtundu wa mtaa mzima anakuja kusalimia wakubwa kwa mikono miwili. Na taekwondo ya mashindano watoto wanapigana mateke ya kweli, nyinyi mko afadhali kuliko wengi. Lakini mabango ya klabu nyingi hayasemi nidhamu, yanasema kujihami, na mzazi anayemlipia binti yake anasoma lile neno na analiamini. Sisemi mfunge klabu. Nasema siku moja ya wiki vaeni glavu na kofia za kukinga, mtoto apewe mwenzake wa kimo chake, aambiwe jitoe hapo chini, na huyo wa juu asimwachie kwa huruma.

Kwa hivyo wenye klabu wote mlioko humu, Lamu, Malindi, hata Mombasa, nawauliza: ni siku gani ya wiki mwanafunzi wenu anapigana na mtu asiyekubali kuanguka? Nipeni siku na saa, falsafa mniwekee.