Colt Detective Special au Smith & Wesson Model 36: nianze na ipi?

Mgeni_Columbus
Wakuu, habari za jioni. Niko Ohio mwaka wa 11 sasa, na nimeamua kuanza kukusanya rivolva ndogo za zamani. Jumamosi kwenye maonyesho ya silaha nilishika Colt Detective Special, mtutu wa inchi 2. Bluu yake imekolea hadi inakaribia weusi, na mpini wa mti umelainika kwa kushikwa miaka mingi. Muuzaji anataka dola 1,100. Meza ya jirani kulikuwa na Smith & Wesson Model 36, safi kabisa, dola 650. Moyo uko kwa Colt, mfuko unasema Smith. Nishaurini.

Mzee_wa_Connecticut
Kijana wangu, kabla ya bei ijue kwanza unayotaka kuinunua. Colt walianza kuiuza mwaka 1927, wakiwa wameichukua rivolva yao ya Police Positive Special na kuifupisha mtutu. Ikawa bastola ya kufichika ndani ya koti lakini yenye risasi sita za .38 Special. Smith & Wesson walipata ya kushindana nayo kwa udogo na kwa kaliba (kipimo cha risasi) hiyohiyo mwaka 1950, walipoipeleka Chiefs Special kwenye mkutano wa wakuu wa polisi kule Colorado Springs. Ndiyo hiyo iliyopewa namba 36 mwaka 1957. Yenyewe inabeba tano.

Colt walisimamisha mwaka 1986, wakairudisha 1993, wakaiacha tena 1995. Model 36 mpya unaipata dukani hadi leo. Bei zinaachana hapo.

Ila muuzaji akikwambia "hii adimu sana", mtulize. Bastola iliyotengenezwa karibu miaka 60 haiwezi kuwa adimu kihivyo. Adimu ni za mwanzoni zenye kitako cha mraba, za kaliba ya .32, na yoyote iliyobaki na sanduku lake na karatasi zake. Halafu angalia chini ya mtutu: kuanzia 1973 kifimbo cha kutolea maganda kimefunikwa. Za kabla ya hapo kiko wazi, na kwa macho yangu ndizo nzuri zaidi.

FundiSaa_Mombasa
Shikamoo mzee. Mimi sina bastola wala leseni, kazi yangu ni saa, lakini mitambo ya Colt naifuatilia kwa mapenzi tu. Ndani yake kuna kidole cha chuma kinachosukuma silinda, ile ngoma inayobeba risasi. Kina ncha mbili: ya kwanza inaanza kuizungusha, ya pili inamalizia na inaendelea kuibana muda wote triga ikiwa imevutwa. Ndiyo maana Colt nzima, ukivuta triga ukaishika silinda, haichezi hata kidogo. Kwenye Smith inabaki na nafasi ndogo ya kutikisika, na imeundwa hivyo.

Raha ya Colt ni hiyo, na ugonjwa wake ni huohuo. Kidole kinabanwa kila risasi, kinalika taratibu. Kipimo chake fundi wa kiwandani alikipata kwa kusugua na jiwe, anajaribu, anasugua tena. Kazi ya mkono namna hiyo ni gharama. Miaka ya 1980 polisi wa Marekani wakaanza kuhamia bastola za magazini, na Januari 1986 wafanyakazi wa Colt wakaingia kwenye mgomo uliokwenda hadi 1990. Kitu kinachotegemea mikono ya mafundi hakikuweza kuvuka hapo kikiwa kilekile.

Neema_Minneapolis
Kaka, sikiliza hili la fundi saa, mimi limenigharimu. Nilinunua ya mwaka 1966 kwa macho. Nyumbani nikagundua vyumba viwili vya risasi kwenye silinda havijifungi mahali pake. Nikampelekea fundi bunduki asiyezijua Colt, akakirefusha kile kidole kwa kukigonga nyundo. Wiki chache tu, ikarudi palepale.

Ukirudi kwa muuzaji, omba ruhusa, fungua silinda uhakikishe haina kitu. Kitufe cha Colt unakivuta nyuma, cha Smith unakisukuma mbele. Funga, kisha vuta nyundo ya bastola kwa gumba polepole kabisa, silinda usiiguse. Silinda inatakiwa ijifunge, "tik", kabla nyundo haijashika. Rudia vyumba vyote sita. Kimoja kikichelewa, jua una bili ya fundi, na wanaozijua vizuri Colt za zamani wamebaki wachache.

Chuma_Houston
Mimi nasimama na Model 36. Kama unapenda kwenda nayo uwanjani kulenga shabaha, vipuri vipo na kila fundi anaijua. Tafuta ya kabla ya 1966, yenye kitufe bapa cha kufungulia silinda. Hiyo ina ladha ya ukale bila presha ya Colt.

Kama lazima Colt, iangalie na Cobra iliyoanza 1950. Ni Detective Special yenye fremu ya aluminiamu, takribani gramu 425 badala ya 600. Nyepesi mno mkononi, ila usiipe risasi za nguvu ya ziada, fremu hiyo haizitaki. Cobra ya 2017 ni bastola nyingine, jina tu limerudi.

Mzee_wa_Connecticut
Neno moja la sheria: ukiipata kwa mtu wa jimbo lingine, ipitie kwa muuzaji mwenye leseni. Ikishatimiza miaka 50, mwenye leseni ya mkusanyaji wa silaha za kale anaweza kuipokea mwenyewe.

Mgeni_Columbus
Nimerudi leo. Dada Neema, Mungu akubariki. Vyumba vitano vimelia "tik" vizuri, cha sita nyundo imeshika silinda bado inaelea. Nilimwonyesha muuzaji, akashusha hadi 850. Nimeiacha mezani. Ile Model 36 ina kitufe bapa, Kaka Chuma, nimeilipia.

Neema_Minneapolis
Hongera! Tuwekee picha ya ubavu wa kushoto, kitufe kionekane.