Ushauri: Natoka Tanga kwenda Ujiji na mama, tunapitia Tabora. Nini tutakikuta kama nyumbani, nini kitatushangaza?

BintiChumbageni (mleta mada)

Wakuu, habari za saa hizi. Mdogo wangu anaoa Ujiji. Mimi na mama (miaka 67, magoti yanamsumbua) tunatangulia. Tutapumzika Tabora kwa ndugu kisha tuendelee Kigoma. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvuka Dodoma. Kila ninayemuuliza ananijibu, "Ujiji ni Tanga tu, mtajiona nyumbani." Sitaki jibu la kunifariji, nataka la mtu anayeijua njia. Treni au basi? Mama atakula nini, maana kwake wali usio na nazi ni chakula cha mgonjwa? Nyakati za swala zikoje? Na cha kurudi nacho tukinunueje tusije tukauziwa mbuzi kwenye gunia?

MzeeWaMwanga

Waliokuambia hivyo hawajakudanganya, wamekatisha tu maelezo. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora. Kwa hiyo misikiti, kanzu, mabuibui, madrasa, baraza za mbele ya nyumba na Kiswahili cha mjini vyote mtavikuta. Mambo ya harusi hayatawapa taabu. Kitakachowasumbua ni vile vinavyofanana na vya Tanga lakini haviendi vile vile, kwa sababu mtu hajihadhari navyo.

Cha kwanza ni jua. Tanga, Tabora na Kigoma ziko karibu mstari mmoja, nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, na saa ya ukutani ni moja nchi nzima. Lakini Kigoma iko magharibi ya Tanga kwa nyuzi 9 na nusu, na kila uzi mmoja ni dakika 4 za jua. Hesabu yake ni dakika 38: jua la Kigoma huchomoza na kuzama dakika 38 baada ya la Tanga, kiangazi na masika. Tabora ni kama dakika 25. Siku ambayo Tanga jua limezama saa 12:30 jioni, Ujiji bado linaonekana mpaka saa 1:08 usiku. Mama akifuata ratiba ya swala aliyokuja nayo ataswali Magharibi kabla ya wakati, na kama amefunga sunna atafuturu jua likiwa linamtazama. Kwenye simu, fungua programu ya nyakati za swala, ondoa mji uliouweka kwa mkono, iache isome mahali mlipo. Asubuhi nayo ni hivyo hivyo: saa 12 kamili Kigoma ni giza, kwa hiyo akiambiwa gari linaondoka saa 12, aandaliwe kana kwamba ni usiku.

Cha pili ni kibla. Tanga unaelekea karibu kaskazini kamili. Kigoma unaelekea kaskazini, kisha unajigeuza kama nyuzi 20 upande wa kulia. Tena mtu wa pwani amezoea kwamba maji yako mashariki. Kule maji, yaani Ziwa Tanganyika, yako magharibi, na ng'ambo yake ni milima ya Kongo. Anayejielekeza kwa kutazama "bahari" atageuka kinyumenyume. Mkifika, ulizeni wenye nyumba, msikadirie.

BehewaLaPili

Dada, kwa magoti ya mama nakushauri treni, angalau kipande cha Tabora hadi Kigoma. Ni zaidi ya kilomita 400 za reli ya zamani, na ndani ya behewa mtu ananyoosha miguu na kutembea ushorobani.

Kata daraja la pili kulala. Chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande, na wanawake huwekwa mbali na wanaume isipokuwa mkinunua chumba kizima. Wakati wa kukata tiketi sema mapema unataka kitanda cha chini. Cha juu kabisa ni cha kupanda kwa ngazi, na magoti ya miaka 67 hayana kazi hiyo. Ukichelewa utapewa kilichobaki, halafu ubaki kubembeleza abiria wenzako.

Sasa kosa linalowapata wageni. Tabora ni njia panda ya reli: kuna njia ya Kigoma, ya Mwanza, na ya Mpanda inayochepuka Kaliua. Treni inayotoka Dar hukatwa pale, mabehewa yakapangwa upya. Behewa mlilolikuta kwenye njia hii linaweza kusogezwa njia nyingine wakati wewe uko kwa mama ntilie. Kwa kuwa nyinyi mtapandia Tabora hapo hapo, msiangalie treni, angalieni namba ya behewa kwenye tiketi, na mumuulize mhudumu wa behewa "hili linakwenda Kigoma?" kabla ya kupandisha mzigo.

Njiani chakula kinakuja dirishani. Nguruka ni samaki, kwa sababu bonde la Malagarasi liko jirani. Uvinza ni chumvi, wanayoichemsha kutoka kwenye chemchemi zake. Weka noti ndogo ndogo mkononi, treni haisubiri chenji.

DerevaMasafa

Napingana kidogo na mkuu hapo juu. Treni haitoki kila siku, na ratiba ikiyumba mama atakaa stesheni muda mrefu kuliko ambao angekaa kwenye basi. Masika hali ni mbaya zaidi: mafuriko ya kati ya Kilosa na Gulwe yakila reli, treni inayotoka Dar haifiki Tabora, hata kama Tabora kwenyewe hakuna tone la mvua. Kabla ya kwenda, ulizeni stesheni kama treni imeshatoka Dar, siyo kama "ipo".

Mkipanda basi, chukueni viti vya katikati kwa urefu, kabla ya matairi ya nyuma, mama akae upande wa ushoroba. Nyuma ya tairi kila tuta linapiga goti. Kila mnaposimama ashuke atembee, miguu isivimbe.

Kutoka Tanga msiende moja kwa moja. Laleni Dodoma, asubuhi mwendelee kwa Manyoni, Itigi, Tabora.

BehewaLaPili

Hilo la Kilosa nakubali. Ndiyo maana nimesema kipande cha Tabora hadi Kigoma tu.

MamaWaGungu

Nije jikoni. Bibie, usitegemee nazi kuikuta kila genge kama huko kwenu. Beba nazi kavu sita au nane ambazo hazijafuliwa. Makumbi yanazilinda zisipasuke safarini. Tikisa kila moja usikie maji, isiyo na maji iache. Nazi ya kukuna au tui usibebe kabisa, joto la basi litalichachusha kabla hujafika Singida.

Miti utakayoiona ukikaribia Kigoma, mama atasema "minazi ile". Siyo. Ni michikichi, na mafuta yake mekundu, mawese, ndiyo yanayoshika nafasi ya nazi kwenye mboga za kule. Yanatoka kwenye nyama ya tunda. Ya kokwa yanaitwa mafuta ya mise na ni kitu kingine. Mawese usiyaweke kwenye wali mkamlazimisha mama, ataichukia Kigoma yote. Mwanzisheni na kisamvu (kule utasikia sombe), au maharage, au dagaa.

Dagaa wa Kigoma, robo kilo, hupikwa hivi. Chambua, toa mchanga. Osha kwa maji ya uvuguvugu haraka haraka mara tatu, usiloweke. Ni wadogo, wakilowa wanamumunyuka na chungu kinakuwa uji. Wakaushe. Bandika vijiko vikubwa vitatu vya mawese kwenye moto wa wastani, kitunguu kimoja kikiiva tia dagaa, kaanga mpaka wakakamae. Hapo ndipo nyanya tatu zinaingia, ndimu mwishoni. Onja kabla ya kutia chumvi. Mawese yakiachwa kwenye moto mkali mpaka yatoe moshi na kupauka, ladha imeshakufa, na mgeni atasema mawese ni machungu kumbe mpishi ndiye aliyeyaunguza.

Ugali wa muhogo mama anaujua, bada si geni Tanga. Tofauti ni kwamba muhogo uliovundikwa una harufu nzito na ugali wake unavutika. Siyo umeharibika.

Samaki wabichi: ulizeni mgebuka na kuhe. Nendeni asubuhi, wavuvi wanaporudi. Wanavua kwa taa usiku wa giza, samaki wanaifuata taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, mitumbwi mingi hulala pwani na bei hupanda. Mama anaihesabu tarehe ya mwezi mwandamo? Basi kuanzia 12 hadi 18 msipange karamu ya samaki wabichi. Tena mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo kama harusi inaangukia miezi hiyo, waulizeni wenyeji kwanza kabla ya kuandika orodha ya vyakula.

KiloleniJr

Tabora msije na nguo za pwani tupu. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku ni wa sweta na soksi. Mkitoka nje ya mji kuelekea miombo, epukeni nguo za bluu na nyeusi. Ndorobo hufuata rangi hizo na huuma kupitia kitambaa. Khaki au kijivu hafifu ndiyo salama. Chandarua ni lazima Tabora na Kigoma pia, hii ni mikoa ya malaria.

Asali sasa, maana hapa ndipo watu wa mbali wanapopotea. Iko ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo wasiouma. Ya wadogo ni nyepesi, ina uchachu na bei yake ni ya juu. Mtu wa Tanga akiiona inatiririka anasema imetiwa maji, anaacha nzuri, ananunua nzito iliyochemshwa na sukari. Wepesi wake ni wa asili, ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa. Kwa sababu hiyo hiyo huchacha upesi: chupa isijazwe mpaka mdomoni, acha nafasi ya vidole viwili. Ya nyuki wakubwa ikiganda chembechembe msiogope, weka chupa kwenye maji ya moto (siyo yanayochemka) itayeyuka. Kile kipimo cha kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa asali hakithibitishi kitu. Nunueni kwa mtu ambaye ndugu zenu wanamjua, basi.

Matobolwa nayo mpeni mama: viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, vinatafunwa hivyo hivyo na chai. Michembe hukaushwa ikiwa mibichi, hiyo lazima ipikwe kwanza. Sokoni zinakaa jirani, ulizeni kabla ya kutia mdomoni.

BintiChumbageni

Mungu awabariki, hapa nimeandika karatasi nzima. Mawili yamebaki. Mama anataka kuona sokwe wa Gombe, na anataka kuoga ziwani "kama Raskazone". Yanawezekana?

MzeeWaMwanga

Gombe kwa magoti yale, hapana. Njia zake ni miteremko mikali na sokwe hawapangiwi pa kukaa. Hata wewe ukienda, usiende na mafua, watakurudisha, kwa sababu sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua. Malipo ya hifadhi ni kwa kontroli namba, siyo fedha mkononi. Mitumbwi ya abiria inatokea Kibirizi. Vaa jaketi la kuokolea tangu mnapoondoka. Kiangazi upepo wa kusini huinua mawimbi, na ziwa likichafuka hakuna tofauti na bahari. Mama mpelekeni makumbusho ya Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Gari linafika mlangoni.

Kuoga: maji ni matamu, hayana chumvi, na hilo ndilo linalowadanganya watu wa pwani. Maji ya chumvi hayana kichocho. Ya ziwa yanaweza kuwa nacho, hasa kwenye magugu na maji yaliyotulia karibu na makazi, maana konokono wake hukaa humo. Pa mawe na mawimbi ni afadhali, na muulizeni mwenyeji habari za mamba. Akishaoga, ajifute kwa taulo mara moja, asiache maji yakaukie mwilini.

KitambulishoKwanza

Hamkuuliza ila nawaambia. Kigoma ni mkoa wa mpakani, basi husimamishwa na maofisa hukagua vitambulisho. Kitambulisho cha NIDA kiwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi lililofungwa buti. Cha mama pia. Simu zikiwa ufukweni zinaweza kudaka mnara wa nchi jirani na kukata salio, hivyo chagueni mtandao kwa mkono.

MamaWaGungu

La kurudi nalo. Dagaa wazuri wanang'aa fedha, wakavu wa kuvunjika. Wa manjano na wenye harufu ya mafuta yaliyooza ni wa zamani. Ng'ata mmoja: ukisikia mchanga, walianikwa chini, wa chanja hawana. Funga kwa karatasi kwanza, kisha kiroba. Ukianza na nailoni watatoka jasho na kuota ukungu.

Mawese, mwambie muuzaji apashe moto kijiko kimoja mbele yako. Yakipasukapasuka kwa kelele yana maji, hayatakaa. Kuganda nusu chini na majimaji juu ni kawaida, lakini yatikiswe yachanganyike kabla ya kupimiwa, usije ukapewa ya juu tupu. Dumu la lita tano jaza lita nne na nusu, weka nailoni chini ya kifuniko, lisimame wima kwenye buti, na liandike jina kwa kalamu nene, maana madumu yote yatakayoshuka Dodoma ni mekundu.