Naomba ushauri: niwaandaeje vijana ambao ni wa kwanza kwenda chuo kikuu kwao?

Ndugu zangu, habari za leo. Niko Muheza, Tanga. Mtaani kwetu kuna vijana watatu waliomaliza kidato cha sita. Wazazi wao ni vibarua wa mkonge na wauza machungwa, hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu.

Makaratasi tunakwenda nayo vizuri. Vyeti vya kuzaliwa vimehakikiwa RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), fomu za Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu zina muhuri wa serikali ya mtaa.

Kinachoninyima usingizi ni maisha ya huko. Shuleni wamezoea mwalimu anayewafuatilia. Chuoni unakaa kwenye mhadhara na mamia ya wenzako, usipotokea hakuna anayekuulizia. Nimeshuhudia wenye akili sana wakidisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, kwa sababu tu waliogopa kumwendea mhadhiri.

Kisha kuna suala la bumu, zile hela za kujikimu za mkopo. Binti mmoja kati yao ni yatima wa baba, kila hela anayoipata anampa mama yake. Najua akisaini tu kupokea bumu, nusu itarudi Muheza. Nimwambie asitume wakati wadogo zake wanalala na uji? Lakini akituma, yeye atakula nini hadi awamu nyingine?

Mliotoka familia za namna hii, mlilimalizaje hili na wazazi? Na kompyuta mpakato ni lazima mwaka wa kwanza, au wanaweza kuanza na simu na maktaba? Walio vyuoni sasa naomba mnisaidie hasa hapo, maana tukichanga tuchangie kitu sahihi.